Betri zetu zinakata saa nne usiku. Je, tununue inveta kubwa zaidi?

"Salaam aleikum mtaalamu. Tunakaa Kisauni, nyumba ya mabati, watu sita. Mwaka jana tulifunga sola: paneli nne za wati 200, inveta ya kilowati 3 ya volti 24, na betri mbili za jeli za 200Ah. Mwanzo tuliunganisha taa, TV, Wi-Fi na feni moja, tukawa tunafika asubuhi. Mama mkwe alipohamia kwetu tukaongeza friji na feni ya pili. Sasa, miezi kumi na minne tangu tufunge, ikifika saa nne usiku inveta inalia na kurudi kwenye stima, na stima ikiwa imekatika tunakaa gizani hadi kuche. Mama ana sukari na insulini yake iko ndani ya friji. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mchana skrini inaonyesha volti 27 na zaidi, kwa hivyo betri zinajaa. Fundi anasema inveta ni ndogo, tununue ya kilowati 5. Shemeji anasema tuongeze betri mbili. Mume wangu anasema chumvi ya bahari imeharibu paneli; anaziosha kila mchana kwa maji ya kisima, na anataka hatimaye tujitoe kabisa kwenye stima. Vifaa viko stoo ya nyuma isiyo na dirisha, pamoja na mtungi wa gesi. Kuna mnazi wa jirani upande wa magharibi, unatupa kivuli juu ya paneli kuanzia saa tisa. Tumsikilize nani?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Maswali yako ni mengi, lakini chini yake naiona hofu moja: dawa ya mama imo katika friji ambayo huna hakika nayo. Nianze hapo, betri zitafuata.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ile anayoitumia mama sasa, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne mradi joto lisipite nyuzi 30, na wewe unajua chumba cha mabati hapa Mombasa kinavyokuwa mwezi wa Februari na Machi. Muulize mfamasia kuhusu aina yake hasa. Friji nayo, ikifungwa vizuri na isifunguliwe kila mara, hushika baridi kwa saa nne hivi hata bila umeme. Mchana jua likiwa kali, gandisha chupa tatu nne za maji, kisha jioni zishushe sehemu ya chini ya friji. Barafu ile ni akiba ya umeme wa mchana, na haikugharimu chochote. Angalia tu dawa isigusane na chupa hizo, kwa sababu insulini ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka.

La pili ni la leo hii, kabla hujamaliza kusoma: utoe mtungi wa gesi kwenye stoo hiyo. Betri za risasi, hata hizi za jeli zilizofungwa, zikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni. Gesi ya kupikia ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kutulia pale pale betri zilipo. Na inveta kila inapohama kutoka betri kwenda stima, ule mlio wa "tak" unaousikia ni swichi ndani yake, na swichi hutoa cheche. Vitu hivyo vitatu havikai chumba kimoja kisicho na dirisha.

Sasa tuje kwa fundi na inveta yake ya kilowati 5. Wewe unanunua tokeni, kwa hivyo uniti unaijua: ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Kilowati za inveta na uniti za tokeni ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa. Fikiria tangi la maji juu ya nyumba yako. Betri ndiyo tangi. Paneli ni bomba linaloingiza maji. Inveta ni mfereji: kilowati zake zinakwambia maji yanaweza kutoka kwa nguvu gani kwa wakati mmoja, hazikwambii tangi lina maji kiasi gani. Ukiona maji yamekatika saa nne usiku, hununui mfereji mpana. Unapanda juu kuchungulia tangi.

Inveta ikiwa ndogo kweli, dalili yake ni nyingine. Inalia pale mtu anapochomeka pasi wakati friji inaanza kunguruma, au pampu inapowaka, maana mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida. Yenu inalia saa nne usiku, watu wamelala, kuna feni mbili na friji tu. Huo si mzigo wa kuishinda inveta ya wati 3,000. Itazame skrini inapolia: inveta nyingi za aina hii huonyesha 04 betri ikishuka, na 07 mzigo ukizidi. Hakikisha kwenye kitabu chake, lakini nadhani mimi na wewe tunajua utaona nini.

Tena kuna jambo ambalo fundi wako hakukwambia. Inveta yenyewe inakula. Hata kama hakuna taa hata moja inayowaka, feni yake na saketi zake huvuta kitu kama wati 40 usiku na mchana, na hiyo kwa saa 24 ni karibu uniti nzima. Inveta kubwa kwa kawaida hula zaidi. Na nyingi za kilowati 5 ni za volti 48, maana yake betri zenu mbili hazitaziendesha. Mngenunua inveta, mkagundua mnahitaji na betri nyingine, na giza lingerudi saa nne ile ile au kabla yake.

Hebu tupige hesabu ya nyumba yako. Nakadiria, wewe utarekebisha. Inveta yenyewe, uniti moja kwa siku. Friji ya kawaida, uniti moja na robo hivi. Feni mbili za wati 60 usiku kucha, uniti moja na kidogo. TV ya jioni, karibu nusu. Taa za LED, robo. Wi-Fi, robo. Jumla ni uniti nne na kitu kwa siku.

Upande wa kuingiza: paneli zenu ni wati 800. Mombasa tunapata jua la kutosha, tuseme sawa na saa tano za jua kali kwa siku nzuri. Lakini paneli ya wati 200 hupimwa maabara ikiwa na nyuzi 25, na juu ya mabati yako saa saba mchana inafika 60 au zaidi. Kwa kila nyuzi inayozidi, paneli hupoteza karibu asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu. Ongeza vumbi, nyaya na upotevu wa inveta, utabaki na takriban asilimia 70. Hiyo ni uniti 2.8 kwa siku. Mnazi wa jirani ukiingia saa tisa alasiri, zinabaki mbili na ushei.

Kati ya hizo, friji, Wi-Fi na inveta zinakula uniti moja na zaidi mchana huo huo. Kinachofika kwenye betri ni kama uniti moja. Na kuanzia magharibi hadi saa nne usiku, kwa TV, taa, feni, friji na inveta, nyumba yako inatumia... uniti moja. Ndiyo sababu saa haibadiliki. Kile mlichoweka ndicho mnachotoa.

"Lakini skrini inaonyesha volti 27," utaniambia. Umewahi kuchemsha maziwa, dada. Yakichemka yanapanda hadi ukingo wa sufuria, ukiyatazama utasema sufuria imejaa. Zima moto. Volti za betri inayochajiwa ni hivyo hivyo: zinapanda kwa sababu paneli inasukuma, si kwa sababu betri imejaa. Kiasi halisi hukijui mpaka uiache itulie saa kadhaa bila kuchaji na bila mzigo. Hapo betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husimama kwenye 12.7 au zaidi kidogo, na ikishuka karibu na 12.1 au 12.2 imebaki nusu.

Betri ya risasi ina tabia nyingine inayoumiza watu wengi. Asilimia 80 ya kwanza inaingia upesi. Ile 20 ya mwisho inaingia polepole sana, saa tatu, nne au zaidi, hata uwe na paneli za kujaza uwanja. Betri zenu zinahitaji alasiri nzima ya jua ili kumaliza, na alasiri ndiyo inayochukuliwa na mnazi. Kwa hivyo kila siku zinalala na njaa. Betri ya risasi inapotumika, chembechembe ziitwazo salfeti hujijenga juu ya bati zake za ndani. Ukiichaji ikajaa, salfeti inayeyuka. Usipoijaza wiki baada ya wiki, salfeti inaganda kama chumvi iliyokaukia kwenye sufuria ya maji ya kisima, na sehemu hiyo ya betri haifanyi kazi tena. Halafu kuna joto. Mafundi wa betri hukadiria kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa nusu. Stoo ya mabati isiyo na dirisha, sihitaji kukwambia.

Kwa hivyo shemeji hakukosea kutazama upande wa betri, ila dawa yake siyo. Kwanza, kuongeza tangi hakuongezi maji: uniti moja iliyokuwa haitoshi betri mbili itagawanywa kwa nne, na zote nne zitalala na njaa. Pili, betri mpya ikiunganishwa na iliyochoka, ile iliyochoka huivuta mpya chini. Nimeona watu wanapoteza betri nne ndani ya mwaka mmoja kwa njia hiyo.

Na mume wako? Ana haki kuhusu chumvi, ila haianzi pale anapoitafuta. Kioo cha paneli hakiliwi na chumvi. Kinacholiwa ni viungo vya nyaya, boliti za chuma zilizofungwa kwenye fremu ya alumini, na feni ya inveta inayovuta hewa ya bahari ndani. Mwambie apande na kufungua macho kwenye boliti na viungo: penye kutu au unga mweupe, abadilishe kwa boliti za chuma kisichoshika kutu. Kuosha aache kwa maji ya kisima. Visima vingi vya huku ni vya chumvi, na kila anapoosha mchana, maji yanakaukia juu ya kioo na kuacha utando mweupe. Yaani analeta chumvi ile ile anayoikimbia. Tena maji baridi juu ya kioo chenye joto kali yanaweza kukipasua. Aoshe alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa maji ya mfereji au ya mvua na kitambaa laini, mara moja kila wiki mbili tatu, au kunguru wakichafua. Hao kunguru wasidharauliwe: kinyesi kimoja kikubwa kinachofunika kijisehemu cha paneli kinapunguza umeme kuliko vumbi jembamba la paneli nzima, na sehemu ile iliyofunikwa hupata moto.

Ndivyo ulivyo mnazi pia. Paneli zikiunganishwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, kivuli cha kuti moja juu ya paneli moja kinaweza kubana msururu wote. Huhitaji kuukata mnazi wa watu. Zungumza na jirani, mlipe mkwezi apunguze makuti ya upande wenu, au mzihamishe paneli upande wa mashariki wa paa. Hapa tulipo, nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu utosini mwaka mzima, kwa hivyo paneli kuelekea huku au kule si jambo kubwa. Kivuli ndicho jambo kubwa. Mkizihamisha, ziinueni sentimita 10 hadi 15 juu ya mabati ili hewa ipite chini, na ziwe na mteremko kidogo mvua izioshe.

Basi mfanye nini, na kwa mpangilio gani?

La kwanza halina gharama. Inveta yenu inaonekana imepangwa kutumia jua, kisha betri, kisha stima. Mpangilio huo unapendwa kwa sababu unaokoa tokeni, lakini unazimaliza betri kila usiku, stima iwepo isiwepo, halafu stima ikikatika saa tano hamna kitu. Kwa nyumba yenye dawa friji, mimi ningeubadilisha: stima ibebe nyumba usiku, betri zijazwe kwa jua na stima pia, na zibaki zikisubiri kukatika. Tokeni zitapanda kidogo tu, maana baada ya saa nne mnatumia stima hata sasa. Betri mbili za 200Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) ni uniti 4.8 kwa maandishi. Za jeli hazipaswi kushushwa chini ya nusu, na inveta inapoteza kama sehemu moja ya kumi, kwa hivyo zikiwa nzima mna uniti mbili na kidogo. Hiyo inatosha friji, inveta, taa mbili na feni ya mama mpaka asubuhi. TV ipumzike.

Baada ya kuzichaji kwa stima siku nzima, zipimwe. Zitulie usiku bila mzigo, asubuhi fundi apime kila betri peke yake. Moja ikiwa 12.7 na nyingine 12.2, hiyo ya pili imeharibika ndani, na kununua moja mpya ya kuipa mwenzake aliyezeeka si suluhisho.

Baada ya kivuli kuondoka, ndipo mfikirie paneli. Ili kupata uniti nne na kitu kwa siku nzuri mnahitaji wati 1,200 hivi, na ili mawingu yasiwaumize ningesema karibu mara mbili ya mlizonazo. Soma kibandiko cha inveta kwanza: kina kiwango cha juu cha volti za paneli. Paneli zikiunganishwa mfululizo volti zake hujumlishwa, na kukipita kiwango hicho hata asubuhi moja kunaweza kuiunguza inveta.

Betri za lithiamu za aina ya LiFePO4 nazipenda sana kwa joto letu na kwa matumizi ya kila siku. Moja ya volti 25.6 na 200Ah inabeba uniti 5.1, zaidi ya nne unaweza kuzitumia, haidhuriki kwa kulala nusu, na hudumu mizunguko elfu kadhaa ya kujaa na kuisha wakati ya jeli hudumu mia kadhaa hadi elfu moja hivi. Inveta yenu ya volti 24 inaweza kuifaa, mradi volti za kuchaji zibadilishwe kufuata kitabu cha betri. Lakini ni ghali, na leo ungeiweka chini ya paneli zinazotoa uniti mbili. Ninyi jeli zikifa, nendeni huko. Kabla ya hapo, pesa ziende kwenye paneli.

Kujitoa kwenye stima kabisa, ningemsihi mume wako asifanye. Masika ikishuka, hasa Mei, mnaweza kupata siku tatu nne za wingu mfululizo. Nyumba isiyo na stima inabidi iwe na betri na paneli za kuvuka siku hizo, na mtazilipia mwaka mzima ili mzitumie wiki chache.

Kuna kazi ambazo sitaki mfanye wenyewe. Inveta ya wati 3,000 kwa volti 24 inaweza kuvuta ampea 125 na zaidi kutoka kwenye betri, mara nyingi ya soketi yoyote ya nyumbani. Kiungo kimoja kilicholegea kwenye waya huo kinakuwa jiko. Niliwahi kuitwa nyumba moja Likoni kwa "harufu ya plastiki". Nikafungua kisanduku nikakuta breka ya kawaida ya stima imefungwa kwenye waya wa paneli, imeyeyuka na kushikana na ukuta wa kisanduku. Umeme wa Kenya Power hupita sifuri, yaani hukata kwa nukta fupi sana, mara mia moja kwa sekunde, kwa hivyo cheche ndani ya breka hujizima. Umeme wa paneli na betri haupiti sifuri kamwe. Cheche ikishaanza inaendelea kuwaka mpaka kitu kiungue. Breka zake ni nyingine kabisa, na kati ya betri na inveta lazima kuwe na fyuzi yake.

Ukiona betri imevimba, ukisikia harufu ya mayai yaliyooza au ya kuungua, ukishika mwili wa inveta au mfereji wa maji ukahisi umeme, msiguse nyaya. Kama mnafika salama kwenye swichi, zimeni mizigo ya nyumba, kisha swichi ya paneli, kisha ya betri, mtoke stoo na mwite mtu siku hiyo hiyo.

Na huyo mtu awe na leseni. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutoa leseni kwa mafundi wa sola kwa madaraja, na mfumo kama wenu, wenye inveta iliyoungana na stima, ni kazi ya daraja la T3. Muombe akuonyeshe leseni kabla hajafungua chochote. Fundi mzuri haudhiki. Kisha mwambie apime mbele yako: volti za kila betri ikiwa imetulia, joto la stoo saa nane mchana, ampea zinazoingia kutoka paneli kabla na baada ya kivuli cha mnazi, na waya wa kutuliza umeme ardhini kama umeshika kweli. Aziandike kwenye karatasi na akuachie nakala. Akianza kutaja bei ya inveta kabla ya kutoa mita mfukoni, mshukuru kwa kufika na umtafute mwingine.